Namba Nne za Kutunga

Darasani walimwita Penseli, kwa sababu alikuwa mrefu, mwembamba, na nywele alizinyoa karibu na ngozi. Jina lilianza kama utani wa wenzake wa darasa la sita, likapanda mpaka kwa walimu, na mwisho hata mama yake akalizoea. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kila siku aliamka kabla ya jua, akapanga foleni bombani na ndoo zake mbili, akamsaidia mama kumgeuza bibi mgonjwa kitandani, akafua shuka, ndipo akavaa sare. Kengele ya kwanza ya shule ilipolia, miguu yake ilikuwa imeshafanya kazi ya siku nzima.

Masomo yalipoisha saa nane mchana, hakwenda nyumbani. Nyumbani hakukuwa na meza. Alipita karakana alikofanya kazi mama yake, akafanyia masomo yake huko, kisha wakarudi pamoja jioni. Bibi alibaki na jirani wa mlango wa pili, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usiopumzika.

Karakana ilikuwa na vyumba vitatu nyuma ya duka la vioo. Hapo walitengeneza dawa ya kung'arishia vioo vya miwani, dawa nzito ya kijivu iliyojazwa katika vichupa vidogo. Siri ya dawa hiyo ilikuwa vumbi la almasi. Si almasi ya pete. Hili lilikuwa vumbi laini kuliko unga wowote, punje zake ndogo mno hata ukizipanga elfu kumi, moja nyuma ya nyingine, hazivuki unene wa unywele mmoja. Lilifika katika mapipa likiwa jeusi tititi, maana lilikuwa limechanganyika na masizi. Kazi ya mama ilikuwa kuyatoa masizi hayo.

Aliyatoa kwa moto. Saa saba mchana aliingiza sinia yenye gramu mia tatu za vumbi jeusi ndani ya tanuri la umeme, akalipasha mpaka nyuzi mia nne na thelathini, akalishikilia hapo hadi saa kumi. Kwa joto hilo masizi yaliungua yakapotea hewani, na almasi ikabaki kwenye sinia ikiwa ya kijivu chepesi. Joto likipungua, masizi hayatoki. Likizidi sana, hata almasi inaondoka. Kwa hiyo kila baada ya dakika kumi mtu alisoma kipima joto na kuandika namba kwenye daftari la tanuri. Tanuri lilikuwa kuukuu. Swichi yake ya kujizima ilifanya kazi, lakini hakuna aliyeiamini kwa roho moja.

Ijumaa hiyo Penseli aliingia akiburuta mkoba. Mlangoni alikutana na Gundi, kijana aliyebandika karatasi za majina kwenye vichupa na kuvipeleka kwa wateja.

"Penseli! Leo umechongwa zaidi," alisema Gundi. "Ukiendelea hivi utabaki kifutio."

"Bora kifutio kuliko wewe, kila ukishika kitu kinakuganda."

"Haya, nimekubali. Mimi naenda kwa wateja na Madamu. Msalimie mama, lakini polepole, leo anatembea kama saa iliyoishiwa betri."

Madamu alikuwa mwenye karakana, mwalimu mstaafu wa kemia, mwanamke mfupi wa maneno machache. Kwa kupenda kwake kupima kila kitu, watu walimwita Madamu Mizani, ingawa si mbele yake.

Penseli alimkuta mama amesimama mbele ya tanuri, barakoa ameishusha kidevuni, mkono mmoja ameegemeza ukutani. Macho yalikuwa mekundu. Bibi alikuwa na homa tangu Jumatano, na mama hakuwa amepata usingizi wa maana siku zote hizo.

"Shikamoo mama. Umechoka?"

"Marahaba mwanangu. Sijachoka."

Ndivyo alivyojibu siku zote. Baba alikuwa mbali kwenye kambi ya kujenga barabara, akirudi mara mbili kwa mwaka, na hata kwenye simu, baba akiuliza, jibu lilikuwa hilo hilo. Lakini safari hii mama alipogeuka kuandika namba, kalamu ilimponyoka, na alipoinama kuiokota alikaa huko chini muda mrefu kidogo kuliko inavyopasa.

"Penseli," alisema akiwa bado amechuchumaa. "Unaweza kusoma hiki kipima joto?"

"Naweza. Nimekuona mara ngapi?"

"Nipe nusu saa tu. Nijinyooshe kwenye magunia pale stoo. Kila dakika kumi unasoma, unaandika. Usiguse kitu kingine. Mshale ukipita mia nne na hamsini, niite, hata kama nakoroma."

"Nenda mama. Mimi nipo."

Saa tisa kamili Penseli aliandika 432. Saa tisa na dakika kumi aliandika 429. Alijiona mtu mkubwa. Alivuta kiti, akafungua daftari lake la hesabu, akaanza swali la kwanza la sehemu. Chumba kilikuwa na joto kama blanketi. Tanuri liliguna kwa sauti moja, mmm, mmm, kama mtu anayembembeleza mtoto. Penseli aliweka kichwa juu ya mkono, apumzishe shingo tu kidogo.

Alishtuliwa na harufu ya rangi ya tanuri ikiungua. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika hamsini. Mshale ulikuwa juu ya 578.

Alisimama, kiti kikaanguka. Kwanza alitaka kuita. Mdomo ulifunguka, lakini akawaza: mama akiamka na kuona hivi, atasemaje kwa Madamu? Aseme yeye alilala, na mimi nikalala pia? Akafanya alichokuwa akimwona mama akifanya mwisho wa kazi. Alishusha mpini mkubwa wa umeme, akafungua kidirisha cha hewa. Alisimama akiutazama mshale ukishuka kwa mwendo wa konokono. Ulipofika mia nne na thelathini alifunga kidirisha na kupandisha mpini tena. Kisha akaketi mbele ya daftari la tanuri. Mistari minne ilikuwa mitupu: tisa na ishirini, tisa na thelathini, tisa na arobaini, tisa na hamsini.

Aliandika 430. Akaandika 431. Akaandika 430 tena, na ya mwisho 430. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, tena alijitahidi ufanane na wa mama.

Saa kumi na robo mama alitoka stoo mbio, alama za gunia shavuni. "Mbona hukuniamsha? Nilisema nusu saa!"

"Ulikuwa umelala vizuri."

"Kila kitu kiko sawa?"

"Kiko sawa."

Mama alitazama mshale, akatazama daftari, akashusha pumzi. Alimgusa Penseli kichwani. "Ahsante. Mungu akupe." Mkono huo ulikuwa mwepesi, lakini Penseli aliuhisi mzito kuliko ndoo zake mbili za maji. Mama alizima tanuri bila kulifungua, maana sinia hupoa humo humo mpaka kesho yake, na wakaondoka.

Jumamosi hapakuwa na shule. Kwa kawaida Penseli alibaki na bibi, lakini asubuhi hiyo alimwomba mama aende naye. Mama hakuuliza sababu. Hakuwa na nguvu za kuuliza. Walitembea kila mmoja akiangalia vidole vya miguu yake.

Madamu alikuwa amekwisha kuifungua mizani yake ya vioo. Mama alitoa sinia, akaichukua brashi, akafagia vumbi la kijivu kwenye kibakuli. Alifagia, akasimama. Ndani ya sinia kulikuwa na vumbi kidogo tu, kama lile linalobaki dirishani nyumba isipofagiwa wiki moja.

"Mbona hivi?" mama alisema polepole.

Madamu alipima. Gramu ishirini na mbili. Akapima tena. Ishirini na mbili. Akaifuta mizani, akapima mara ya tatu.

"Kwa mia tatu tunapata mia moja," alisema. "Miaka minne, haijawahi kushuka chini ya tisini. Almasi yangu imekwenda wapi?"

Gundi alikuwa akipanga vichupa pembeni. "Labda panya wameanza kula vya thamani," alisema, kisha akaona hakuna anayecheka, akavitazama vichupa vyake.

Madamu alifungua daftari la tanuri, akapitisha kidole kwenye mistari ya jana. "Moto ulikuwa sawasawa. Ulikaa hapa wakati wote?"

Mama aliishika brashi kwa mikono miwili. "Nilikaa, Madamu."

Penseli, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, aliinua kichwa. Hakuwahi kumsikia mama akisema uongo kwa mtu mzima mwenzake. Aliuona usoni mwake, ule uso wa kusema sijachoka.

"Kama moto ulikuwa sawa na wewe ulikuwepo," Madamu aliendelea, akihesabu kwa vidole, "basi ni mambo mawili. Ama mapipa niliyouziwa hayana almasi, na yote sita nayarudisha leo, na ninamwambia muuzaji ni mwongo. Ama almasi ilikuwepo, ikatoka humu ndani kwa miguu."

Mama aliweka brashi mezani. Aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni yake, akaanza kutoa vitu kimoja kimoja na kuviweka mbele ya Madamu: leso, ufunguo wa nyumba, karatasi ya dawa ya homa ya bibi, kipande cha penseli kilichotafunwa mwisho. Kisha akaugeuza mfuko nje ndani, ukaning'inia kama ulimi.

"Na huu mwingine," alisema, akishika mfuko wa pili.

"Sikukuambia utoe," alisema Madamu.

"Si mama!" Penseli alikuwa amesimama, ndoo imebingirika. "Si mama, Madamu. Ni mimi. Zile namba ni zangu."

"Penseli, kaa chini," mama alisema.

"Sikai. Mama alikuwa amechoka, akaenda kulala. Nikaangalia mimi. Ya tisa kamili ni kweli, na ya tisa na kumi ni kweli. Halafu nikasinzia. Nilipoamka ilikuwa mia tano sabini na nane. Nikazima, nikaandika hizo nne. Tatu sikuziona. Ya nne niliiona, nikaificha." Machozi yalimtoka, na kamasi pia, na hakuwa na leso kwa kuwa leso ilikuwa mezani. "Muuzaji hajakudanganya. Mama hajachukua kitu."

Madamu hakumpigia kelele. Alimgeukia mama. "Na wewe?"

Mama aliketi kwenye kiti cha tanuri. "Nililala, Madamu. Sikukaa hapa. Nimekudanganya sasa hivi, mbele ya mtoto wangu."

"Gundi," alisema Madamu, "kamwite fundi umeme wa mtaa wa nyuma. Mwambie aje na vifaa vyote, asije na maneno."

Wakati wakimngoja, Madamu alichukua kalamu nyekundu. Alichora mstari juu ya zile namba nne, mstari mmoja mwembamba ili zibaki zikisomeka. Pembeni ya tatu za kwanza aliandika "haikusomwa". Pembeni ya nne aliandika 578.

"Mbona hukuuchana ukurasa?" Penseli aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ukurasa hauchanwi. Kosa likiandikwa vizuri, nalo lina kazi."

Fundi umeme alikuja, akafungua kifuniko cha nyuma ya tanuri, akaguna. Alitoa kipande cha shaba cheusi kama jino bovu. Swichi ya kujizima ilikuwa imeungua ndani na kunata: jana ilinata ikashindwa kukata umeme, baadaye ikaachia. "Madamu, hii ingenata tena," alisema. "Leo, kesho, sijui. Mkiamini lile daftari lenu, mngeliacha tanuri limewaka, na karakana ingeondoka na mlango wake."

Penseli alitazama ukuta wa stoo. Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na magunia aliyolalia mama.

Swichi mpya ilipofungwa, Madamu alisema, "Sasa tuhakikishe. Sitaki kumwomba mtu msamaha wala kumlaumu kwa kubahatisha." Alitoa vibakuli viwili vidogo vya udongo. Cha kwanza alikiwekea gramu tatu za vumbi jeusi kutoka pipani. Kisha akaichukua penseli ya mama pale mezani, akaipasua kwa kisu, akaisaga risasi yake, ule ujiti mweusi wa kuandikia, mpaka ikawa unga, akaiweka katika cha pili.

"Sogea mtoto. Unajua almasi ni nini?"

"Jiwe gumu kuliko yote."

"Na masizi? Na hii risasi ya penseli?"

Penseli alitikisa kichwa.

"Vyote ni kaboni. Ndugu wa tumbo moja. Tofauti yao ni namna chembe zao zilivyoshikana. Leo utawaona ndugu hawa mbele ya moto. Na namba utasoma wewe, ila huyu Gundi atakaa karibu yako. Mtoto haachwi peke yake na tanuri. Hilo nalisema kwa watu wazima waliomo humu, na mimi nikiwemo."

Vibakuli viliingia tanurini, nao wakasoma kila dakika kumi. 428. 433. 431. 427. Namba hazikuwa nzuri, zilirukaruka. Penseli aliona sasa kwamba zake za jana zilikuwa nyororo kupita kiasi. Gundi alimkanyaga mguu mara mbili alipoanza kusinzia. "Amka, kifutio," alinong'ona.

Baada ya saa tatu, vumbi jeusi lilikuwa limegeuka kijivu. Madamu alilipima: gramu moja, na kidogo. "Pipa ni zima," alisema. "Masizi yameondoka, almasi ipo. Risasi ya penseli je?" Ilikuwa vile vile, nyeusi na yenye kung'aa. Akavirudisha, akapandisha moto hadi mia tano na themanini. Saa moja baadaye kibakuli cha almasi kilikuwa karibu kitupu. Cha risasi kilikuwa bado kimejaa.

Penseli alikodoa macho. "Almasi imeungua, na risasi ya penseli ipo?"

"Wewe ulidhani nini?"

"Nilidhani almasi haishindwi na kitu."

Madamu alivua miwani yake, akaifuta kwa pindo la nguo. Naye alionekana amechoka, mikunjo ya uso imeshuka. "Watu wengi wanadhani hivyo. Ugumu ni jambo moja, kustahimili moto ni jambo jingine. Almasi ya pete ingedumu zaidi, maana ni kubwa. Hizi punje, kwa udogo wao, moto unazishika pande zote. Si kwamba ni mbaya. Kila moja ina kipimo chake. Kazi yetu ni kukijua na kutokipita, na hatuwezi kukijua kama tunaandikiana namba za kufurahishana."

Alimgeukia mama. "Mimi pia nimekosa. Nimekuweka mtu mmoja mbele ya moto saa tatu, kila siku, nikakuona unavyokonda nikauliza umechoka, ukasema hujachoka, nikaiandika kichwani kama namba ya kweli. Kwa wiki mbili hutagusa tanuri. Utajaza vichupa, umekaa kwenye kiti. Ukirudi, wewe na Gundi mtapokezana kila nusu saa. Lakini ukinidanganya tena mbele ya mizani yangu, tutaagana."

"Nimesikia, Madamu. Nisamehe."

"Watu wa miwani wanangoja vichupa vyao Jumatatu. Nitawapigia simu niwaambie ni Jumatano, na kwa nini." Alivaa miwani. Kisha akamtazama Penseli. "Sikiliza, mtoto. Kusinzia hakukuwa kosa kubwa. Mwili wako ulisema kweli: umefika mwisho. Kosa lilianza uliposhika kalamu. Kwa namba nne, muuzaji alikaribia kuitwa mwongo, mama yako mwizi, na moto ulikuwa umekaa nyuma ya kifuniko unatungoja. Ukichoka, sema. Ukikosea, andika ulivyokosea. Hakuna anayeweza kutengeneza swichi asiyoijua kama ni mbovu."

Waliondoka alasiri jua likiwa bado kali. Mama alitembea mbele kidogo, mfuko wa aproni bado umegeuka, amesahau kuurudisha. Penseli alimfikia, akaurudisha ndani kwa vidole viwili.

"Nimekuharibia penseli yako," alisema. "Ilisagwa."

"Ilikuwa kipande tu."

Walivuka barabara, wakapita ukuta mfupi wa shule ya chekechea, uliokuwa na kivuli wakati huo.

"Mama, umechoka?"

Mama alifungua mdomo kujibu kama siku zote. Akaufunga. Akasimama.

"Nimechoka, mwanangu," alisema. "Nimechoka sana. Leo nitampigia baba yako nimwambie hivyo hivyo."

"Hata mimi," alisema Penseli.

Basi wakaketi ukutani pale, mama na mtoto, mikoba yao miguuni, wakapumzika mpaka kivuli kiliposogea.